Mafuta Yaliyokuwa na Mawingu

Nasimiyu mwanangu,

Umeondoka asubuhi kwenda Kimilili kumuaga nyanya yako, kukhu, na umesema utarudi jioni. Nimeshukuru, ukweli usemwe. Si kwamba nimechoka kukuona. Ni kwamba tukikaa meza moja siwezi kusema hili ninalotaka kusema. Nimejaribu tangu Jumatatu. Jana tukikunja nguo zako nilifungua mdomo mara mbili, na mara zote mbili nikajikuta nakuuliza kama umeweka sweta. Mimi huyu, ambaye kijiji kizima kinajua ulimi wangu hauna mfupa, nimeshindwa na maneno ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Basi nimechukua daftari langu la zamani la maabara, naandika.

Sitakuandikia habari za blanketi wala za kuchemsha maji ya kunywa. Hayo unayajua, na usipoyafuata tumbo litakukumbusha. Sitakuandikia mambo ya wavulana pia. Hayo utayakosea kwa njia yako kama nilivyoyakosea kwa njia yangu. Nataka kukuandikia juu ya baba yako mdogo, Wanyonyi, ambaye kesho unaenda kukaa kwake Bungoma.

Wiki iliyopita jirani alikuuliza utalala wapi huko unakoenda kusomea mitambo. Nilikuwa jikoni, nikakusikia ukimjibu, "Nitakaa kwa yule mlevi aliyeua mashine. Si ni yeye tu aliye na chumba." Mkacheka wote wawili. Mimi niliinua sufuria ya ugali kwa mikono mitupu, na sikusikia moto mpaka ngozi ilipoanza kunivuta. Ulipouliza nimeungulia wapi nikakuambia mwiko uliteleza. Unaona? Hata juu ya sufuria nilidanganya.

Neno hilo, aliyeua mashine, wewe hukulitunga. Ulilipata kwangu.

Ulikuwa na miaka tisa baba yako alipofariki, na nadhani unakumbuka zaidi kilio kuliko yaliyofuata. Yaliyofuata ni kwamba nilibaki na wewe na kazi yangu ya maabara katika shule ya sekondari pale Kitale. Kazi ya maabara ni kuosha vioo vya watu wengine. Mwalimu anaingia, anamimina, anaonyesha wanafunzi rangi ikibadilika, kengele inalia, anaondoka na chaki mkononi. Wewe unabaki na vioo vichafu. Na mimi kemia niliijua, mwanangu. Nilifaulu vizuri kuliko wavulana wote wa darasa langu, lakini nyumbani hakukuwa na karo ya kunipeleka mbele, ikawa basi. Kila mara mwalimu alipokosea kipimo nilikuwa nanyamaza huku nachemka ndani. Kiburi changu kilianzia hapo. Mtu aliyenyimwa kiti huwa na kiburi kibaya kuliko aliyekikalia.

Wanyonyi alikuwa kinyume changu. Shule aliacha darasa la sita. Lakini kikundi chetu cha akina mama kilipopata injini kuukuu ya dizeli, kutoka shamba moja kubwa Endebess lililokuwa linauza vyuma vyake, mafundi wa mjini walituambia tuiuze kwa kilo. Wanyonyi aliilalia wiki tatu. Aliifungua, akaisafisha kwa mafuta ya taa, akatengeneza vipande vingine kwa tupa na mkono, na siku moja ikawaka, ikaanza kutusagia mahindi. Toka siku hiyo akawa ndiye mwendeshaji. Wewe mwenyewe ulikuwa hutoki huko bandani. Alikufundisha kuweka ncha ya bisibisi juu ya injini na mpini wake sikioni, usikie ndani kunasemaje. Ukija nyumbani unaniambia ati leo vali ya kulia ina kikohozi. Watu wanashangaa msichana amependa mitambo amefuata nani. Mimi sishangai.

Halafu dizeli ikapanda bei, ikapanda tena. Mashine ikawa inasaga siku mbili kwa wiki, kisha moja. Akina mama wakarudi kubeba mahindi kichwani hadi sentani, kule madukani kwenye mashine ya kulipia, masafa unayoyajua.

Miaka ile kila mtu alikuwa anaimba habari ya jatrofa. Watu walikuja na magari makubwa wakasema ukipanda jatrofa utauza mafuta mpaka ng'ambo. Kuna waliong'oa mahindi wakapanda, na baada ya miaka miwili walikuwa na majani mazuri sana ya kutazama. Mimi niliwacheka. Nikasema kwa nini upande mti mgeni na miti yetu ya misine imesimama kwenye kila mpaka, inaangusha mbegu ambazo hata mbuzi hawazitaki? Nilikuwa nimesoma kwamba mbegu hizo zina mafuta. Tukaanza kuokota, wewe na watoto wenzako mkijaza magunia chini ya miti ya Mzee Makokha, aliyekuwa wa kwanza kuturuhusu. Tukapata kikamulio cha mkono. Na kwa kuwa mbegu hazikutosha, nikawa napitia kwenye vibanda vya chipsi Kitale jioni, nachukua mafuta yaliyokwisha kukaangia. Wauzaji waliniona mwendawazimu lakini walinipa, kwa sababu walikuwa wanayamwaga mtaroni.

Kazi yenyewe si uchawi. Unachuja mafuta, unayapasha moto kiasi cha kutia kidole na kukitoa haraka. Pembeni unachanganya methanoli na kostik soda, ukisimama upande unakotoka upepo, kwa maana ule mvuke unaweza kukupofusha. Unamimina humo, unakoroga, unaacha mpaka kesho yake. Utakuta kitu kizito cheusi kimezama chini. Hicho tulikitumia kupikia sabuni. Juu yake kuna mafuta yenye rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, na hayo ndiyo dizeli yako, karibu.

Nimesema karibu, kwa sababu bado kuna kuosha. Unayaosha kwa maji mara tatu, polepole, mpaka maji yatoke safi. Kisha unayapasha tena mpaka maji yote yaishe ndani yake. Watu huona sehemu hii ni ya kupoteza wakati na kuni, maana kwa macho mafuta yalishakuwa mafuta. Mimi nilikuwa na kipimo changu. Nayatia kwenye chupa ya glasi, naweka gazeti nyuma. Nikiweza kusoma maandishi madogo kupitia chupani, yako tayari. Nikiona ukungu, bado.

Siku ya kwanza injini iliponguruma kwa mafuta yetu, moshi ulinuka chipsi. Watoto walisimama nyuma ya banda wakimeza mate. Mama Rhoda, mwenyekiti wetu, unamjua alivyo mzito, alicheza mpaka leso ikamtoka kichwani. Wanyonyi aliniambia, "Shemeji, wewe ni fundi kunishinda." Nilimwamini. Hapo ndipo ningeomba Mungu anipige na kitu kizito kichwani, kwa upendo, nishike adabu mapema.

Tulisaga hivyo mwaka mzima na zaidi. Nilikuwa na watu, Nasimiyu. Nataka ujue hilo, kwa sababu wewe umekua ukiona nyumba hii kimya. Jumapili baada ya kanisa hakukuwa na nafasi ya kukalia hapa. Chai ilikuwa inapikwa kwenye sufuria ya sherehe.

Mzee Makokha alifariki mwezi wa saba, wiki ya mvua na baridi ya kukata mifupa. Unajua kwetu mzee kama yule hazikwi na watu kumi. Jamaa walikuwa wanatoka Bungoma, Nairobi, hata ng'ambo ya Suam, na wote lazima wale ugali. Unga ulihitajika mwingi na haraka, na mafuta yangu yaliyokuwa tayari yalikuwa yameisha. Mama Rhoda alisema jambo la busara tu. Alisema tununue dizeli ya stesheni ya mafuta, mtungi mmoja, tusage, tuzike mzee wetu.

Nikakataa. Nilisimama mbele ya akina mama nikasema mzee atazikwa kwa unga uliosagwa na mbegu za miti yake mwenyewe. Maneno matamu, si ndiyo? Walipiga makofi. Lakini mzee hakuwa moyoni mwangu hata kidogo. Nilikuwa nimesikia ofisa wa kilimo atakuja mazishini, na yule mwalimu wa kemia wa shuleni kwangu atakuja pia, kwa kuwa alioa binti wa ukoo ule. Nilitaka wasimame pale, wasikie mashine inanguruma, waulize ni mafuta ya nani. Ndiyo hiyo tu. Nilitaka waulize.

Nilipika mafuta mengine kwenye mvua ile. Kuni zilikuwa mbichi, moto ukawa moshi. Niliosha mara moja badala ya tatu. Sikuyakausha. Na gazeti sikuliweka nyuma ya chupa. Niliogopa lingenijibu.

Asubuhi Wanyonyi aliuinua ule mtungi mlangoni, mahali penye mwangaza, akautikisa, akautazama. Wewe ulikuwa shule. Akaniambia kwa ile sauti yake ya chini, "Shemeji, haya mafuta iko na mawingu. Si tungoje, ama tuchukue ya stesheni leo tu?"

Nikamjibu, "Wewe kazi yako ni kuzungusha mtambo. Mimi ndiye niliyesoma."

Nimeyaandika maneno yale kama yalivyotoka. Nimekaa nayo miaka sita na sijawahi kuyaandika. Wanyonyi aliufungua mtungi. Alimimina.

Injini ilisaga gunia la kwanza vizuri. La pili ikaanza kukohoa. Wanyonyi alitaka kuizima, mimi nikasema iache, ni baridi tu, itapata moto. Sabuni iliyobaki kwenye mafuta ilikuwa inaziba ile sindano inayopuliza mafuta ndani ya injini, na badala ya kupuliza ikawa inadondosha. Moto ukawa unaunguza mahali pamoja. Gunia la tatu halikufika nusu. Kulikuwa na mlio ambao hata mimi, nisiye na sikio la injini, niliuelewa. Pistoni ilikuwa imetoboka. Mzee Makokha alizikwa kwa unga wa kununua dukani.

Siku mbili baada ya mazishi kikundi kilikutana pale bandani. Ofisa wa kilimo alikuja pia, amesikia. Mtu mmoja, hata sikumbuki nani, akauliza tu kwa upole: imekuwaje? Ningeweza kusema. Nakuapia, neno lilikuwa hapa kooni. Niliwatazama wote wale waliokuwa wananiita mwalimu, nikamwona ofisa ameshika kalamu, nikainama kwenye injini nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Nikakiangalia kama daktari. Nikasema, "Imekauka. Ilikuwa inazunguka bila oili."

Oili ilikuwepo. Nilikifuta kijiti kwa leso yangu nikiwa nimeinama, hakuna aliyeona. Nilidhani hakuna aliyeona.

Wote walimgeukia Wanyonyi. Kazi ya oili ilikuwa yake. Na matangani alikuwa amekunywa busaa, kama wanaume wote walivyokunywa, lakini sasa ikawa ni yeye peke yake aliyekunywa. Sikulazimika kuongeza neno. Uongo ukishapata miguu hauhitaji kusukumwa. Yeye alinitazama mimi, muda mrefu. Nikasubiri aseme habari ya mawingu. Akatazama chini akasema, "Kama shemeji amesema, basi ni hivyo."

Kesho yake walimtoa kwenye mashine. Watoto wakampa jina, na wewe ukalileta nyumbani, ukaniuliza kama ni kweli. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Ulikuwa unalia, maana ulimpenda. Ningeweza kukwambia wewe peke yako, mtoto wangu, hata kama wengine sikuwaambia. Nikakuambia pombe si kitu kizuri.

Baada ya hapo ukakataa kumsalimia. Nilikuona siku ile amesimama langoni na bisibisi mpya ameifunga kwenye karatasi, amekuletea, na wewe ukapita ukaingia ndani. Alinikabidhi mimi. Akasema anahamia Bungoma, kuna jamaa anatengeneza pampu karibu na soko, atajaribu huko. Hakunigombeza. Angenigombeza ningekuwa nimelipa kidogo. Bisibisi ile iko chini ya kabati langu. Sikuwahi kukupa.

Mashine haikuamka tena. Pistoni ingepatikana, kwa kuchelewa, lakini nani angeiweka? Na mafuta sikupika tena, kwa sababu niliogopa mtu aniulize kwa nini safari hii ninaosha mara tatu. Hilo ndilo huwa linaniamsha usingizini. Kutoosha mafuta ni kosa dogo. Dawa yake ni ndoo mbili za maji na kuni kavu. Ningesema tu siku ile, jamani niliharakisha, nimeharibu, wangenikasirikia mwezi mmoja, na leo kijiji hiki kingekuwa kinasaga kwa mbegu za mipaka yake. Kila mama aliyeniona nikikoroga angejua kwa nini tunaosha. Badala yake walijifunza kwamba walevi huua mashine. Mbegu zinaoza chini ya misine mpaka leo, na akina mama wamerudi kwenye barabara ya sentani na magunia kichwani. Nikiwaona nageuza uso.

Na mimi nikabaki hapa. Taratibu watu waliacha kuja Jumapili. Mmoja ana mgeni, mwingine mguu unauma. Nikajiambia ni kwa sababu hakuna tena mashine ya kutuleta pamoja. Nikazoea kupika chai ya vikombe viwili, changu na chako. Sasa kitakuwa kimoja. Sikuandikii hili unihurumie, lakini ukweli ndio huo: naiogopa kesho jioni. Naogopa kufungua mlango na kusikia jinsi nyumba ilivyo. Nimekuwa mpweke miaka sita nikiwa na wewe ndani, kwa sababu kitu hiki kilikaa kati yetu na wewe hukukijua. Ulikuwa unaniuliza, mama mbona umenyamaza, nami nasema nimechoka.

Ulipopata nafasi ya kusoma Bungoma, sikuomba mtu chumba. Wanyonyi alipiga simu mwenyewe. Sijui nani alimwambia. Akasema, "Shemeji, nimesikia mtoto amepata. Chumba iko. Umlete tu." Akauliza kama mvua imeanza huku, nikasema imeanza, akakata. Wewe ulidhani nilikuwa nalia kwa furaha.

Nilipokusikia ukicheka na jirani nilijua siwezi kukuacha uingie nyumba ile na neno langu mdomoni mwako. Utakula chakula chake ukimdharau. Na siku moja mtu atakwambia ukweli, na utajua kwamba mama yako alikutazama ukila. Naogopa hilo kuliko kesho jioni. Nikikupoteza wewe sina mtu mwingine wa kupoteza.

Alhamisi nikaenda kwa Mama Rhoda. Nilitaka kuanza na yeye. Nilimkuta anachambua maharagwe, hakuniambia nikae, nikakaa. Nikasema yote bila kupumua, mvua, kuni, kijiti, leso. Nilipomaliza aliendelea kuchambua maharagwe kidogo. Kisha akasema, "Tulijua."

Nikamwuliza mlijuaje. Akasema asubuhi ile ile kabla hatujawasha, Wanyonyi alitia oili kwenye injini, na yeye Mama Rhoda ndiye aliyemshikia faneli. Na ule mtungi wa mafuta yaliyobaki, kesho yake waliukuta umeganda sabuni chini. Akina mama karibu wote walijua kabla ya kile kikao kuisha. Nikamwuliza, kwa nini basi mlimtoa? Akasema Wanyonyi aliwasihi. Aliwafuata mmoja mmoja jioni ile akasema mwacheni yule mama, ana mtoto wa ndugu yangu, ana kazi ya shule, jina lake likiharibika watakula nini. Akasema, mimi ni mwanamume peke yangu, nitaenda popote.

"Sisi pia tulikosa," Mama Rhoda akaniambia. "Tuliona rahisi kunyamaza. Lakini tulikuwa tunakungoja. Kila Jumapili tulisema leo atasema. Halafu tukachoka kuja."

Unaelewa, Nasimiyu? Hawakuniacha kwa sababu ya mashine. Walikuja kwangu Jumapili baada ya Jumapili wakinywa chai yangu na kungoja, na mimi nawaongezea sukari.

Nilimwomba msamaha. Akasema wao walishanisamehe zamani, lakini si wao niliowakosea zaidi. Akanisindikiza hadi barabarani, kitu ambacho hajafanya miaka mingi.

Kama kuna kitu nimejifunza nitakupa, nawe ukitupe ukitaka. Utaenda kujifunza mitambo na utakosea. Utafunga kitu kinyume, utaharibu mali ya watu, na chumba kizima kitageuka kukutazama. Dakika ile ni fupi sana. Nilidhani nimeipita, kumbe ndiyo niliyokaa ndani yake mpaka leo. Na ukikuta mtu asiyesoma amekuambia mafuta yana mawingu, weka mtungi chini.

Sasa nimefika mahali nilipokuwa nimepanga kumalizia. Nilikuwa nimepanga kukuomba umpe Wanyonyi barua hii mkononi, aisome mwenyewe, umwambie mama anaomba msamaha. Nimeiandika sentensi hiyo, nikaisoma, nikaifuta. Ndiyo hiyo alama nyeusi unayoiona hapo juu. Nimeona aibu. Nilimbebesha Wanyonyi kosa langu miaka sita, na leo natafuta kumbebesha binti yangu msamaha wangu, mimi nimekaa Kitale nangoja majibu kwa simu.

Basi si hivyo. Nimetoa ile bisibisi chini ya kabati, iko ndani ya mkoba wangu, bado imefungwa. Nimepiga pasi nguo yangu ya kanisani. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako, uisome leo ukirudi, nami nitakuwa nje kwa ng'ombe nikikupa nafasi. Ukitaka kunichukia, anza leo, nikiwa hapa karibu. Asubuhi uniambie tu kama kwenye matatu tutakaa kiti kimoja ama kila mtu na chake. Lakini Bungoma tunaenda wawili.

Tukifika, wewe tangulia. Umpe mkono, umwite baba, kama ulivyokuwa ukimwita. Mimi nitasema nikiwa mlangoni, nimesimama, kabla hajanikaribisha, maana namjua, atanikaribisha haraka ili nisiseme. Usimruhusu aninyamazishe. Na sauti yangu ikikatika, usiniokoe, mwanangu. Ngoja nimalize.

Mimi mama yako.